Kahawa ya Matanga

Ukitaka kumjua Clavery Kahangwa, mwangalie siku ya mzani. Chama chetu cha msingi kinapokea kahawa kwenye banda la mabati, kando ya barabara inayopanda kwenda Kamachumu, huku kwetu Muleba, na Clavery ndiye mpimaji. Akishaning'iniza gunia, anarudi nyuma na kuweka mikono mgongoni, ili kila mtu aone kwamba hakuna kidole kilichogusa kitu. Wapimaji waliomtangulia walikuwa na vidole vizito, na wengine hata magoti waliyatumia, ndiyo maana huyu tulimpenda. Nimepima kwake tangu aanze kazi na sijawahi kurudi nyumbani nikinung'unika, na mimi kwa kunung'unika sina mpinzani kijijini hapa.

Alizaliwa hapa hapa, kwenye kibanja cha wazazi wake, ndizi mbele na kahawa nyuma kama vibanja vyetu vyote. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na mama yake, Restituta, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya na macho yasiyodanganyika. Clavery alisoma hadi kidato cha nne, akaenda Bumbire kuvua dagaa, kisiwa hakikumpenda naye hakukipenda. Alirudi na mfuko mmoja wa nguo na viatu vya ngozi vyeusi, ambavyo mpaka leo anavipaka rangi kila Jumamosi tayari kwa misa. Hakuoa. Alikaa na mama yake, akapata kazi ya mzani, na maisha yakamtulia.

Ana kasoro moja tu, nayo ni kupenda kusifiwa. Najua hakuna asiyependa, lakini wengine ukitusifu tunajifanya hatukusikia. Clavery yeye husimama pale pale na kukutazama, anasubiri kama bado una neno.

Mradi ulipokuja, kwa hiyo, ulimpata mtu wake. Walikuja watu wa chuo kikuu pamoja na kampuni ya wanunuzi wa ng'ambo, wakatuita shuleni, wakatueleza habari ya blokicheni. Wazee walisinzia mpaka aliposimama binti mmoja wa mradi, Sumaiya, mwenyeji wa Bilele mjini Bukoba. Alisema hiyo blokicheni ni daftari ambalo nakala zake ziko kwa watu wengi kwa wakati mmoja, Bukoba, Dar es Salaam na huko ng'ambo. Kikishaandikwa kitu hakuna anayeweza kukifuta kwa siri, kwa sababu akikifuta kwake, wenzake wote bado wanacho. Hapo tuliamka. Sisi tuliodhulumiwa kwa mizani na vitabu tangu enzi za babu zetu, tukiambiwa kuna kitabu kisichofutika, tutakikataaje?

Wakapima vibanja, wakahesabu mibuni ya kila mtu, wakatupa kadi zenye majina yetu. Kila gunia likawa linabandikwa lebo yenye vidoti vyeusi, na Clavery akakabidhiwa simu ya kuzisoma lebo hizo. Mtu anayekunywa kahawa yake huko kwenye baridi, tuliambiwa, ataweza kuona imetoka kwenye kibanja cha nani. Blokicheni hiyo tuliiita mnyororo, na Clavery tukamwita Bwana Mnyororo. Alijifanya kukasirika.

Mwaka huo huo, kahawa ikiwa imeiva, akafariki Ndyamukama. Alikuwa jirani yetu, fundi wa kujenga, mtu ambaye punje ya kahawa ya mwenzake ikidondokea kwenye jamvi lake anairudisha. Alimwacha mkewe Annastella na kibanja kidogo chenye mibuni ya kuhesabika.

Sasa kwetu kuna utaratibu ambao hakuna aliyewahi kuufundisha wala kuuandika. Nyumba ikiwa na msiba hakuna jembe linaloshikwa pale mpaka matanga yaishe, na kahawa haijui kusubiri matanga. Basi majirani huingia kwenye kibanja cha wafiwa wakachuma zilizoiva, na kila nyumba huleta na kahawa yake kidogo, iliyokwisha kauka, ikaimimina kwenye jamvi la wafiwa. Hakuna anayeuliza nani kaleta kiasi gani. Kinachokwenda msibani hakipimwi, na mtu akikipima tutamshangaa. Wafiwa wenyewe hawashukuru kwa maneno. Siku msiba ukihamia kwako, nao wanakuja na vikapu.

Kahawa ya Annastella ikajaa jamvi, ikafurika hadi kwenye mikeka ya kukalia. Matanga yalipoisha vijana waliibeba mpaka kwenye banda, na Clavery akafanya kama alivyofanya siku zote. Alipima, akarudi nyuma, akabandika lebo za Annastella kwenye kila gunia, maana kahawa ilikuwa ya Annastella. Ungeibandika lebo ya nani mwingine? Hata mimi nilikuwepo, na debe langu lilikuwa humo ndani, na sikuona ajabu yoyote.

Simu ndiyo iliyoona. Ilikuwa inajua mibuni ya Annastella ni mingapi, na ikajua kwamba mibuni hiyo haiwezi kuzaa magunia yale. Kioo kikawa chekundu. Baada ya wiki ikaja habari kutoka juu kwamba mkulima huyo ameingiza kahawa isiyo yake, kahawa yake isipokelewe tena kwenye mradi, na jina lake limeandikwa hivyo kwenye mnyororo. Clavery alikwenda mwenyewe kumweleza. Annastella alikuwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huko ng'ambo nako watalisoma jina la mume wake, kwa sababu kadi ilikuwa na majina yote mawili. Clavery akasema ndiyo. Annastella akaingia ndani na hakutoka tena siku hiyo.

Mtu atasema, si mngeeleza tu? Tulieleza. Tulimweleza Sumaiya alipokuja, naye akaelewa kabla hatujamaliza, kwa kuwa naye ni wa huku huku na misiba ya huku anaijua. Alisema maandishi ya kwanza hayafutiki kwa namna yoyote, ndivyo chombo kilivyotengenezwa, lakini chini yake panaweza kuongezwa maandishi mengine ya kuyasahihisha. Sharti lake ni kwamba aliyeingiza magunia, yaani mpimaji, asimame mbele ya wahusika wote wa mradi aeleze alichofanya, na wote wakubali pamoja. Wahusika hao walikuwa wanakutana mara moja tu, mwezi wa Novemba, kwenye kongamano mjini Bukoba. Baada ya hapo msimu wa majaribio unafungwa, na kilichoandikwa kitabaki kama kilivyo. Clavery alikuwa amealikwa. Kwa hiyo jina la Annastella na la marehemu mumewe lilikuwa mdomoni mwa Clavery, na kijiji kizima tulijua, na tukalala usingizi mzuri. Nani angefaa zaidi yake?

Restituta hakutaka kubahatisha. Mwezi mzima alimfanyisha mwanawe mazoezi jioni, wakiwa jikoni, yeye akimenya ndizi. Alikuwa anamwambia asianze na shukrani nyingi, kwa sababu akianza na shukrani atazama humo humo. Alimjua mtoto wake. Siku ya safari alimfungia kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, zile tunazozichemsha na majani ya harufu na kuwapa wageni, akamwambia agawe huko kwanza, watu wakitafuna pamoja wanasikilizana. Kisha akamshika mkono na kumwambia, "Mwana wange, utaje jina. Usiseme mkulima mmoja. Sema Annastella."

Yaliyotokea mjini alinisimulia Clavery mwenyewe, baadaye, wakati hakuwa tena na sababu ya kuyapamba.

Alilala Hamugembe kwa binamu yake, na asubuhi akapanda bodaboda akiwa ameinua miguu ili viatu visiingie vumbi. Kongamano lilikuwa kwenye ukumbi wa hoteli karibu na ziwa. Palikuwa na maprofesa, watu wa benki, watu wa kampuni za simu, Wazungu wa kahawa, vijana wa kompyuta wenye beji shingoni. Naye alipewa beji, imeandikwa jina lake lote, na aliniambia bila aibu kwamba aliigeuza mara kadhaa kuisoma. Siku ya kwanza walizungumza Kiingereza kutwa. Alishika neno hapa na neno pale: uaminifu, uwazi, mkulima mdogo. Kila mkulima mdogo alipotajwa watu waliokaa jirani naye walimgeukia wakatabasamu, na yeye akatabasamu. Kahawa ya kutafuna ilibaki mfukoni. Meza zilikuwa zimejaa biskuti na chupa za maji, na aliona haya kutoa jani la mgomba mahali pale.

Siku ya pili akasimama Daktari Rutashobya, mkuu wa utafiti, Mhaya mwenzetu ambaye amesoma mpaka nywele zikamtoka. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliwasha projekta ukutani ikatokea picha ya vijiti vingi vya kijani na kimoja chekundu kilichovipita vyote urefu. Akabadili lugha, akaeleza kwa Kiswahili kwa heshima ya wageni kutoka vijijini. Alisema hiki chekundu ni mkulima mmoja wa Muleba aliyejaribu kupitisha kahawa ya watu wengine kwa jina lake, na mfumo ukamkamata siku ile ile. Hakutaja jina, ilikuwa namba tu. Ukumbi ulipiga makofi. Clavery alikitazama kile kijiti na akaona ndani yake debe langu, na la mama yake, na letu sote. Alisema alikuwa tayari. Hilo namwamini.

Kisha Daktari akasema, yupo hapa mtu aliyefanikisha jambo hili, mpimaji mwaminifu kuliko wote katika mradi, ambaye mizani yake haijapata kulalamikiwa, naye ni Bwana Clavery Kahangwa. Watu walisimama. Ukumbi mzima ulisimama kwa ajili ya mtoto wa Restituta. Alipita katikati ya viti mpaka mbele, viatu vikimeremeta, na akapewa kipaza sauti. Daktari alimuuliza swali moja tu, kama kabla ya mfumo huu yeye angeweza kumgundua mkulima yule.

Jibu lilikuwa mdomoni. Alikuwa amelifanyia mazoezi mwezi mzima. Angesema hakuna cha kugundua, angesema Annastella, na mambo yangekwisha. Lakini angesema hivyo wale waliosimama wangekaa. Pengine wangemuuliza kwa nini yeye, mpimaji mwaminifu, alibandika lebo kwenye kahawa ambayo alijua imetoka nyumba nyingi. Mke hana, mali hana, alicho nacho ni mzani ule na jina alilolipata kwa mzani ule. Na zaidi ya woga, aliniambia, ilikuwa ni utamu. Alisema hajawahi kusikia kitu kitamu kama makofi yale na alitaka yaendelee kidogo tu.

"Nisingeweza," alijibu.

Makofi yakaendelea. Walimpa cheti chenye fremu, wakapiga naye picha.

Wakati wa chakula Sumaiya alimfuata. Hakumlaumu. Alimwambia wahusika wote watakaa chumba cha juu mpaka jioni, mlango uko wazi, na kwamba akisema hata sasa yataandikwa. Clavery alipanda ngazi. Alifika mlangoni, na Daktari alipomwona alisimama, akamwambia Mzungu wa karibu yake kwamba huyu ndiye shujaa wetu, karibu, kaa hapa. Clavery alikaa. Akapewa soda. Waliongea kuhusu mvua, na barabara, na ubora wa kahawa ya Muleba, na alisubiri papatikane nafasi nzuri ya kusema. Ndugu yangu, nafasi nzuri ya kusema jambo kama lile haipo. Soda ilipokwisha aliaga, akaenda stendi.

Nyumbani, mama yake alikuwa anamsubiri barabarani. Hakukitazama cheti. Aliuliza kitu kimoja, "Ulisema?" Clavery akasema alisema.

Restituta alikwenda kwa Annastella jioni ile ile, nusu anakimbia, na umri wake ule. Kesho yake Annastella alikuja kwa Clavery na mkungu wa ndizi kichwani na senene za kukaanga kwenye kopo, yalikuwa ndiyo majira ya panzi hao. Alipiga magoti kumshukuru, kama tunavyofanya kwa wakubwa, ingawa Clavery ni mdogo kwake. Alisema, "Wakola waitu. Ndyamukama amelala vizuri jana." Clavery alizipokea zile senene kwa mikono miwili. Aliniambia alizila, kwa sababu mama yake alikuwa anamtazama, na kwamba tangu hapo senene hazimpiti kooni.

Msimu mpya ulifunguliwa mwezi wa Mei. Mradi sasa haukuwa wa majaribio tena, ulikuwa mradi kamili, na Annastella akaja bandani na gunia lake la kwanza na kadi yake imefungwa kwenye pindo la kanga. Restituta alikuwa amemsindikiza. Tulikuwa wengi kwenye foleni. Clavery alichukua simu, akaisoma lebo, na kioo kikawa chekundu kama mwaka uliopita.

Annastella alimtazama Clavery, si kwa hasira, ni kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu. Halafu akainama, akafunga gunia lake, na kijana wa bodaboda akamsaidia kulipakia. Restituta ndiye niliyemwogopa. Alibaki amesimama mbele ya mzani, akimwangalia mwanawe, na Clavery, ambaye siku zote huweka mikono mgongoni ili watu waone, alikuwa ameificha mfukoni. Mama akaondoka taratibu. Kutoka siku hiyo alimpikia kama kawaida, alimfulia kama kawaida, na jioni jikoni hakumwambia tena neno lolote ambalo halikuhusu ndizi au maji. Clavery alitamani apigwe.

Julai Restituta akaugua, homa ya siku chache, akafariki. Hawakuwa wamezungumza.

Tulikwenda matanga wote. Tulichimba kaburi kibanjani, karibu na la mumewe, tukatandika majani, tukaimba nyimbo zake za kwaya, tukapika. Hakuna aliyemsusa Clavery, hatuko hivyo. Lakini nyuma ya nyumba mibuni yake ilikuwa imeinama kwa kahawa nyekundu, na hakuna aliyeshika kikapu. Hatukukubaliana, wala hakuna aliyesema tusichume. Kila mmoja alifikiria kadi yake, na kile kioo, na akaona bora anyamaze. Hata mimi niliipita ile mibuni nikienda kuchota maji, nikageuza uso. Zilianza kukauka mtini, nyeusi, zikawa zinadondoka zenyewe, na kutoka pale tulipokaa tulizisikia zikigonga majani makavu. Clavery naye alizisikia. Wakati huo ndipo alipoanza kunisimulia habari ya ule ukumbi.

Siku ya mwisho ya matanga, asubuhi, tulisikia matawi yanavutwa huko nyuma. Tulidhani ni mbuzi. Alikuwa Annastella, peke yake, na kikapu kiunoni. Alichuma zilizobaki, mti kwa mti, akazimwaga kwenye jamvi la Restituta na kuzitawanya kwa kiganja. Kisha akafungua furushi alilokuja nalo, kahawa yake mwenyewe iliyokwisha kauka, akaimimina juu yake na kuichanganya mpaka usingeweza kujua ipi ya nani. Hakuna kati yetu aliyethubutu kusimama kumsaidia. Tulikaa tumeinamisha vichwa, watu wazima wazima.

Clavery alimwendea. Nilikuwa karibu, nikasikia alivyoanza kusema, kwamba kule Bukoba yeye, kwamba siku ile. Annastella alimkatiza kwa upole kabisa.

"Clavery, hii usiipeleke kwenye mzani," alisema. "Itakuharibia jina."

Ningependa kusema alikuwa anamchoma. Ingekuwa afadhali kwa Clavery, na hata kwetu. Lakini nilimwona usoni, hakuwa anamchoma. Alikuwa na wasiwasi naye kwelikweli, kama mama mwenye nyumba anayemwonya mgeni kwamba kizingiti ni kirefu. Alijifuta mikono kwenye kanga, akampa pole ya mama yake, akachukua kikapu chake na kwenda.

Clavery bado ni mpimaji wetu, na bado anarudi nyuma akiweka mikono mgongoni. Cheti hakipo tena ukutani. Ile kahawa ya jamvini aliitia kwenye gunia, analo sebuleni kwake, limefungwa, halina lebo, na wageni wakiuliza anasema ni kahawa ya mama. Alimwandikia Sumaiya, na Sumaiya akamjibu kwamba amehamishiwa mkoa mwingine, na kwamba anasikitika, msimu ule ulikwisha kufungwa. Mwezi uliopita tulikuwa na msiba mwingine, kwa Byabato, huku chini. Nilimwona Clavery akitoka nyumbani kwake na debe la kahawa begani. Alifika kwenye uzio, akasimama pale kwa muda mrefu, akitutazama sisi tuliokaa mikono mitupu, kisha akageuka na kulirudisha.